Wimbo wa Kuomba Moto

Fundi godoro wa mtaa ule aliitwa Fimbo, na kila mtu alidhani anajua sababu. Kazi yake yenyewe ilikuwa ya fimbo. Godoro la sufi likilaliwa miaka mingi hushikana, likawa gumu kama sakafu. Fundi hulifumua mshono, akaimwaga sufi juu ya turubai na kuichapa kwa fimbo mbili nyembamba mpaka mabonge yafunguke na vumbi la usingizi wa watu liruke, ndipo anaposhindilia upya na kushona kwa shazia, ile sindano ndefu ya magunia. Kwa hiyo mgeni akiuliza jina limetoka wapi, aliambiwa aende barazani akamtazame mzee akiwa kazini. Jibu lilimtosha. Mwenyewe hakuwahi kulisahihisha.

Alikuwa fundi wa mwisho. Sponji iliposhuka madukani, watu waliyatupa magodoro ya sufi jalalani kama mizoga, wakalalia kitu ambacho baada ya muda hufanya bonde katikati, mume na mke wakakutana humo hata kama wamenuniana. Na hakina fundi, kikifa kimekufa. Fimbo alibaki na wateja wachache, wengi wao wagonjwa wa mgongo, na wote aliwashuku. Aliyekuja na sufi yake mwenyewe, Fimbo aliinusa kwanza kuona kama haikuchanganywa na matambara. Aliyesema atarudi kesho, aliulizwa kesho ya nani. Hata aliyeisifu kazi alitazamwa kwa jicho la pembeni, maana Fimbo aliamini kwamba sifa ni hodi, na mtu hapigi hodi kama hataki kuingia. Marehemu mke wake alikuwa akimwambia, “Wewe mwanamume, ukipewa maji unamtazama kwanza aliyekupa, uone kama naye ana kiu.” Watoto wao walikwenda kuishi mbali, wakawa wanapiga simu. Fimbo alipokea akiwa kimya, asikilize kwanza nani yuko karibu nao.

Lakini shuku hizo ndogo zote zilizaliwa na shuku moja kubwa, na hiyo ilikuwa upande wa pili wa ukuta.

Baba yake, aliyemrithisha kazi, alijenga nyumba ndefu ya vyumba vilivyopangana. Dada yake baba alipoachika, akarudi na binti yake, baba akainua ukuta katikati na kumpa nusu ya kushoto. Uani palibaki pamoja: bomba moja, karo moja la kufulia, kamba moja ya nguo. Sasa baba hakuwapo, mama hakuwapo, shangazi hakuwapo. Ukiwaacha wajukuu na wapangaji, waliobaki ni Fimbo upande huu na binti wa shangazi upande ule, mwanamke aliyestaafu kazi ya kufua mashuka ya hospitali. Mtaa ulimwita Dada Shuka. Alimzidi Fimbo umri kidogo na maneno sana, ila kati yao walisemezana ya lazima tu: bomba linavuja, mfereji umeziba, nani kaacha maganda hapa. Mengine yalikwisha utotoni, kwa sababu ya mchezo wa watoto.

Ni mchezo wa enzi ambazo kiberiti kilikuwa kitu cha kufungiwa kabatini. Moto ukizimika jikoni, mtu alichukua kigae akaenda kwa jirani kuomba kaa, na jirani mwema alimpa. Leo kila mtu ana gesi yake na ukuta wake wenye vipande vya chupa juu, hakuna anayejua jirani anapika nini wala kama anapika. Watoto bado huigiza mambo ambayo hawajawahi kuyaona. Hukaa duara, mikono nyuma, wakipitishana kipande cha tofali ambacho ndicho kaa la moto. Mmoja huzunguka katikati, amejikunyata kwa baridi, akimchungulia kila mwenzake usoni, maana lazima akisie nani amelificha:

*Hodi hodi, naomba moto,*
*jiko langu limelala.*

Anayebishiwa hujibu, amekaza uso:

*Pita mbele, hapa hakuna,*
*moto wetu kaenda kisimani.*

Ukitaka kujua watoto huanza uongo mapema kiasi gani, sikiliza moto unaokwenda kisimani. Mwenye baridi hupita mlango hadi mlango, anatajiwa moto uliokwenda sokoni, moto uliokwenda kunyoa, mpaka duara linakaribia kuisha na wote wanaimba kwa pamoja:

*Nenda kwa Mama Majivu.*
*Mama Majivu hana moto,*
*ana majivu ya jana.*

Hapo, katika ua ule, watoto huinuka kwa mkupuo mmoja na kutimua mbio kila mtu upande wake, na anayekamatwa ndiye anayeomba moto zamu inayofuata.

Sasa, Mama Majivu alikuwa mama yake Fimbo.

Mtaa mzima ulimwita hivyo, kuanzia fundi viatu mpaka baba mwenyewe akiwa na furaha. Fimbo alikuwa bado anang'oka meno ya utoto aliposikia kwa mara ya kwanza wenzake wakiimba chini ya dirisha kwamba mama yake ni mchoyo, anaombwa moto naye hana ila majivu. Aligeuka akamtazama mama jikoni. Alimwona amejiziba mdomo kwa upindo wa nguo, mabega yanamtetemeka. Mtoto akajua analia. Na nani angetunga kitu kama kile, isipokuwa wifi wa upande wa pili wa ukuta, aliyezozana na mama kila asubuhi juu ya kamba ya nguo? Kikulacho ki nguoni mwako. Tangu siku ile hakula chakula cha shangazi yake. Shangazi alipokufa alikwenda maziko kwa sababu ya macho ya watu, akasimama nyuma kabisa, karibu na lango, kama mtu aliyepotea njia. Dada Shuka aliirithi hatia ya mama yake kama wengine wanavyorithi sufuria.

Ndivyo ilivyokuwa mpaka alasiri moja, Fimbo akiwa ndani anapumzisha mgongo, aliposikia sauti ngeni bombani. Hakutoka mara moja. Anayetoka mara moja huambiwa yaliyopangwa. Anayekawia husikia ya kweli. Alisimama nyuma ya pazia.

Mgeni alikuwa mwalimu wa shule ya msingi iliyo nyuma ya soko, msichana wa raba nyeupe, simu inaning'inia shingoni kwa kamba. Alikuwa anakusanya michezo ya watoto kwa ajili ya kitabu cha madarasa ya chini. Kitabu chenyewe, alisema, kitakwenda shule zote za nchi, na kutakuwa na mchoraji wa kuchora picha. Dada Shuka alikuwa anamtolea wimbo kama unavyoimbwa uani pale huku akisuuza ndoo iliyokwisha kusuuzika zamani.

Pale nyuma ya pazia Fimbo aliiona picha kabla haijachorwa: kikongwe mwenye macho membamba, amekumbatia chungu chake, na chini yake jina la mama. Aliiona ndani ya kila mkoba wa kila mtoto, kutoka mpaka mmoja wa nchi hadi mwingine. Mtaa mmoja ulimtosha kumuumiza miaka yote ile. Sasa nchi nzima.

Akatoka.

“Shikamoo, mzee wangu,” mwalimu alisema.

“Marahaba. Nani amekutuma?”

Mwalimu alicheka akidhani ni utani, kisha akaona si utani, akaeleza tena tangu mwanzo. Fimbo hakumtazama yeye. Alimtazama Dada Shuka. Alimwambia mwalimu aandike anachotaka, achore anachotaka, ila jina lile aliondoe, kwa sababu ni jina la mtu, na mtu huyo ana mtoto, na mtoto huyo ndiye huyu aliyesimama mbele yake.

“Sitaweza, mzee wangu. Nikiondoa lako leo, kesho kila mtu atakuja na lake, nitabaki na makofi matupu.”

Halafu, kwa upole wa watu waliozoea kufundisha wagumu, akamweleza alivyoukuta mchezo kwingine. Nyumba za reli wanaucheza wamesimama, tofali hakuna, wanashikana vidole. Karibu na hospitali anayeomba moto hufungwa kitambaa machoni. Ng'ambo ya mto wasichana huruka kwa mguu mmoja, na moto wao hauendi kisimani, unakwenda harusini. Jina la Majivu lipo kote, mahali pengine ni Mama, mahali pengine ni Bibi.

“Limeenea,” Fimbo alisema. “Uchafu huenea. Chemchemi yake ni hapa.”

“Ila kuna kitu kimoja kiko hapa peke yake,” mwalimu aliendelea. “Wakifika kwenye jina, hapa wanakimbia. Kwingine wote wanabaki wamekaa, halafu...”

“Wanamkimbia,” Fimbo alimkata. “Mmeona? Mmemfanya mama yangu zimwi. Basi, nimeshasikia, inatosha.”

“Mwache mwalimu amalize,” Dada Shuka alisema.

“Wewe nyamaza. Umeshaimba vya kutosha.”

Dada Shuka alibeba ndoo yake akaingia ndani, na Fimbo angeweza kuapa kwamba alikuwa anacheka. Mwalimu alitaka kufungua tena mdomo. Fimbo akamuuliza ni mtaa gani ambao hajafika bado. Mwalimu alisema amebakiza tanurini, kule wanakochoma matofali. Atakwenda mwisho wa juma asubuhi, na alasiri yake atarudi hapa kuwarekodi watoto. Hilo tu ndilo Fimbo alilotaka kulijua.

Kwa kuwa yeye hakuwa mjinga. Mtu akitaka kuthibitisha uongo hutanguliza watu wa kuutetea. Kama mwalimu na Dada Shuka walikuwa kitu kimoja, huko tanurini wangewapanga wazee mapema. Basi atakwenda kabla yao. Atautafuta mchezo kule mahali ambapo wimbo wa shangazi haukufika, mahali ambapo mwenye baridi anapelekwa kwa mtu mwingine yeyote, na akiupata atamshika mwalimu mkono ampeleke akausikie: jina la mama yangu lilipachikwa, na mpachikaji namjua.

Asubuhi iliyofuata alifunga fimbo zake kwenye gunia ili aonekane anatafuta kazi, akaenda kwa miguu.

Tanurini hewa ilikuwa nyekundu kwa vumbi la tofali. Wanaume walipanga tofali mbichi juani. Kando, chini ya bati lililoinama, bibi mmoja alikuwa amekaa juu ya debe akichagua mapande yaliyopasuka, yaliyobaki nusu huku, ya kusagwa kule. Alikuwa amebeba matofali kichwani ujana wake wote, na shingo yake ilisimama wima hata alipokaa. Fimbo alimsalimu, akazungumzia magodoro. Bibi alisema yeye analalia mkeka na anamshukuru Mungu. Fimbo akazungumzia jua. Akazungumzia wajukuu. Alizunguka kama mtu anayetafuta kuku wa jirani huku akijifanya anakagua mawingu, mpaka akafika kwenye michezo ya zamani, na akauliza kama utotoni kwake waliwahi kucheza ule wa kuomba moto.

“Nani hakuucheza?” bibi alisema.

Fimbo alimwomba aimbe kidogo, eti yeye amesahau. Bibi hakubembelezwa. Alianza hodi hodi, akiendelea kuchagua matofali kwa mkono mmoja na kupiga debe kwa mwingine. Moto wa kwao ulikwenda kulala, kisha ukaenda kumzika bata. Fimbo alisubiri jina jipya. Bibi akaimba:

*Nenda kwa Mama Majivu.*
*Mama Majivu hana moto,*
*ana majivu ya jana.*

Hata huku. Fimbo alikwisha kuinama kuchukua gunia lake, aondoke asiione tena dunia, bibi alipovuta pumzi na kuendelea:

*Fukua, Mama, fukua,*
*chini ya majivu kuna jicho,*
*jicho jekundu halilali.*
*Chukua kaa, peleka kwenu.*

“Hicho ni nini?” Fimbo aliuliza.

“Hicho ni nini vipi? Ndio mwisho wake. Hapo aliyeficha kaa analitoa, anampa mwenye baridi, wanabadilishana.”

“Na huyu Mama Majivu ni nani?”

Bibi alimtazama kama anavyotazamwa mtu aliyelelewa hotelini. Akamweleza polepole. Usiku mwanamke mzembe huuacha moto ukajifia. Mwenye akili huchagua kaa moja zuri, akalifunika kwa majivu, likalala humo hai mpaka alfajiri. Asubuhi majiko yote ya mtaa ni baridi. Ukichungulia kwake nako utaona majivu tu, utadhani hana kitu. Mwombe afukue. “Kila mtaa ulikuwa na Mama Majivu wake,” bibi alisema. “Huyo ndiye waliyemtegemea wote. Si mtu mmoja. Ni heshima.”

Fimbo akakaa juu ya tofali. Aliuliza nani alimfundisha. Nyanya yake, bibi alijibu, na nyanya yake aliukuta. Akauliza, kwa sauti ya chini, kama kuna mwalimu aliyefika hapa siku za karibuni, msichana wa raba nyeupe.

“Mwalimu gani? Mimi hapa hata wanangu hawafiki.”

Njia nzima ya kurudi Fimbo aliligeuza jambo lile kama mtu anayekagua godoro la kununua mnadani. Kama wimbo ulikuwapo kabla ya nyanya wa mtu mzima kama yule, basi shangazi hakuutunga. Hilo lilimuuma kulikubali, akalikubali. Lakini mbona pale kwao unaishia kwenye majivu ya jana? Mbona shukrani imekatwa na tusi likabaki? Akatabasamu peke yake barabarani. Mkia haujikati. Aliyeukata ni yeye yule. Mwizi wa nguo nzima na mwizi wa pindo, wote ni wezi.

Alifika, hakuingia kwake. Alipiga hodi upande wa kushoto wa ukuta, mlango ambao hakuwa ameugusa tangu sauti yake ilipokuwa nyembamba. Dada Shuka alifungua, akashika kiuno.

“Bomba?” aliuliza.

“Si bomba.”

Chumba chake kilikuwa na harufu ya sabuni ya mche na pasi. Juu ya kitanda nguo zilikunjwa pembe kwa pembe, kama bado kuna muuguzi atakayezikagua. Kitanda chenyewe kilikuwa na godoro la sufi, na Fimbo aliutambua mshono: wa baba yake. Halikuwa limechapwa upya tangu baba afe. Angemwita nani?

Alimsimulia tanuri, bibi, na ubeti wa mwisho. Kisha akamwambia moja kwa moja kwamba mama yake, Mungu amrehemu, aliuficha ubeti ule ili wifi yake abaki na jina la mchoyo.

Dada Shuka hakukasirika. Alivuta kigoda, akaketi.

“Ubeti huo naujua tangu sijavaa viatu,” alisema. “Mama yangu ndiye aliyenifundisha. Na ndiye aliyemwita mama yako Mama Majivu, siku za mwanzo, alipokuja bi harusi na moto wake hauzimiki. Waligombana juu ya kamba, ndiyo. Nani hagombani juu ya kamba? Lakini kila alfajiri nilitumwa na kigae kwenu.”

“Basi nani aliukata?”

“Unaniuliza mimi?”

“Nakuuliza wewe.”

“Uliukata wewe, kaka.”

Akamweleza, kwa sauti ile ile ya kukunja nguo. Kwamba kila walipofika kwenye jina, yeye alitoka mlangoni na fimbo ya sufi ya baba yake, akachapa wa karibu na wa mbali. Hakungoja ubeti unaofuata hata mara moja. Walijaribu kumwambia subiri bado, alichapa anayesema. Mama yake mwenyewe alimwita aje akae chini asikilize mpaka mwisho. Yeye akasema mama analia. “Alikuwa anacheka, wewe. Alicheka mpaka akajiziba mdomo usimwone.” Watoto wakaumia. Ndipo shangazi akawapa sheria: mkifika kwenye jina, kimbieni, mtoto wa kaka yangu ana mkono mzito. Wakakimbia. Waliokuja baada yao wakadhani kukimbia ndio mchezo. Fimbo akakua, akaacha kutoka nje, akawa fundi, akaoa; watoto wakaendelea kumkimbia bila kumjua.

“Jina lako nalo ulidhani umelipata kwenye kazi?”

Hapana, hakuwahi kudhani hivyo. Alijua tangu zamani limetoka wapi. Ila alilihesabu kama cheo, jina la mtoto aliyemtetea mama yake.

“Maneno ni yako,” alisema hatimaye. “Shahidi yuko wapi?”

Dada Shuka alikunja mkono wa nguo. Juu ya kiwiko palikuwa na kovu.

“Hiyo pasi ya hospitali,” Fimbo alisema.

“Pasi ina pembe. Huu ni mstari.”

Akamwona anainuka, na kwa sekunde moja alishuku kwamba hata kovu lile amelitunza makusudi kwa siku kama hii. Kisha akakumbuka kilio kimoja kati ya vilio vingi, cha msichana mkubwa kuliko yeye aliyeanguka karibu na karo, na hakupata pa kuipeleka shuku ile.

Kilichobaki sasa ni kitabu. Mwalimu alipopita siku ya pili, Fimbo alimngoja njiani, akamwambia kuna ubeti wa mwisho, auweke. Mwalimu alijibu kwamba huo anao. Ndio aliokuwa anataka kumwambia siku ile. Lakini mchezo wa kila mtaa anauandika kama watoto wa mtaa huo wanavyoucheza, na chini yake jina la mtaa. Hapa unaishia kwenye majivu na mbio. Hawezi kuwawekea mdomoni kitu ambacho hawakiimbi. Fimbo alimwona ana haki, na hilo lilimchoma kuliko kama angemwona mwongo. Mitaa mingine yote itakuwa na mama anayefukua. Wa kwao peke yake atabaki mchoyo, na picha itachorwa hapo.

Mwisho wa juma ukafika. Watoto waliketi duara uani, wajukuu wa Dada Shuka na watoto wa wapangaji, wamenawishwa nyuso kwa ajili ya simu ya mwalimu. Fimbo alileta kigoda chake akakaa mlangoni, na duara likasogea mbali naye lenyewe, kama maji yanavyokwepa jiwe. Dada Shuka alikuwa anaanika. Kabla ya kuanza, mwalimu aliuliza tena, kwa ajili ya maelezo ya kitabu, kwa nini watoto wa hapa wanakimbia. Nani aliuanzisha mtindo huo?

Fimbo aliutazama mgongo wa binamu yake. Hii ndiyo zamu yake, aliwaza. Miaka yote ameisubiri, na sasa kuna hata mashine ya kuinasa.

“Ndivyo tulivyoukuta,” Dada Shuka alisema, akabana shati kwa kibanio.

Fimbo hakuelewa. Alitafuta anachokitaka mwanamke yule kwa ukarimu huo, akatafuta huku na huku, hakukiona. Watoto wakaanza. Moto ukaenda kisimani, ukaenda sokoni. Jina likafika, majivu ya jana yakafika, na duara likalipuka. Vumbi tu ndilo lililobaki, na kipande cha tofali.

“Walikuwa wananikimbia mimi,” Fimbo alimwambia mwalimu. “Andika hivyo. Nilikuwa nawachapa wasimtaje mama yangu. Niliwachapa wote, na huyu anayeanika ndiye niliyemchapa zaidi.”

Mwalimu hakuandika. Alikuwa ameishusha simu.

Fimbo aliinuka. Hakuwa ameimba tangu utotoni, na sauti iliyotoka ilikuwa ya bawaba kavu. *Fukua, Mama, fukua.* Kule kwenye pembe za nyumba watoto, ambao walishaanza kusukumana wakimtafuta wa kukamatwa, walinyamaza. Hawakuwahi kujua kwamba wimbo ule una mbele. Walichungulia, kichwa juu ya kichwa, wakamwona mzee mkali amesimama katikati ya duara lililokimbiwa, anaimba juu ya jicho lisilolala. Hakuna aliyesogea. Walimshuku kwa macho yote, na Fimbo aliona wazi kwamba walikuwa na kila sababu.

Akakaa chini vumbini, magoti yakalia.

Dada Shuka alitupa vibanio ndani ya beseni, akaja akakaa upande wa pili wa duara, mikono nyuma kama msichana.

“Umeukosea mahadhi,” alisema. “Sikiliza.” Na akaanza kuuimba tena tangu kwenye jina la mama yake Fimbo, polepole, ili wale wa pembeni waudake.